Kuchora samaki kwa baiskeli mitaa ya Tanga: unavyopanga njia

Kuna msomaji wa Ngamiani, Tanga, ameniuliza swali zuri sana, nalifupisha hapa: "Kaka habari. Niliona picha ya jamaa wa Ulaya kachora mnyama kwenye ramani kwa kuendesha baiskeli huku GPS inarekodi, nikasema na mimi nijaribu. Nikawasha Strava, ile programu ya simu ya kurekodi safari, nikazunguka mitaa ya kwetu nichore samaki, ila kilichotoka hata mke wangu kashindwa kukitambua. Wenzetu wanapangaje? Ni lazima ninunue kile kifaa cha GPS cha Garmin? Na nikija kurekebisha mstari baadaye kwenye kompyuta nitakuwa nimedanganya?" Akaniwekea na skrinshoti.

Salama kaka, na hongera kwa kujaribu maana wengi wanaishia kuangalia tu picha za wenzao. Nimeikuza skrinshoti yako nikaikagua pande zote. Mgongo wa samaki umepanda kwa ngazi ngazi, mkia umekuwa boksi, karibu na kichwa kuna fundo la mistari kama uzi uliosokotana (hapo nadhani ulisimama, chai au kuongea na mtu), na kona tatu nne mstari umekata juu ya nyumba za watu badala ya kufuata barabara. Kila moja ya hizo ina sababu yake na hakuna hata moja inayohitaji Garmin, kwahiyo hela yako iache kwanza.

Tuanze na ngazi ngazi kwasababu ndo iliyomuua samaki. Ngamiani imepangwa kwa mitaa iliyonyooka, barabara ya ngapi na ya ngapi, zinakatana kona mraba, vitalu vifupi vifupi. Mitaa ya hivyo haina njia ya mshazari, ukitaka kupanda kishazari inabidi uende mtaa mmoja mbele, mmoja juu, mmoja mbele, mmoja juu. Sasa samaki ni mviringo mtupu, tumbo mviringo, mgongo mviringo, halafu wewe umemchora mdogo, urefu wake wote ni vitalu nane tisa. Hapo kila ngazi inaonekana. Angekuwa mkubwa mara tano ngazi zile zile zingemezwa na ukubwa wa picha na jicho la mtu lingeona mviringo. Ila Ngamiani yenyewe haina nafasi ya samaki wa hivyo, na hapo ndo tunafika kwenye jambo kubwa kuliko yote nitakayokuandikia leo: usianze na picha kichwani ukailazimishia mitaa. Anza na mitaa, uiangalie mpaka ikuonyeshe ina nini.

Na hii siyo falsafa, ndo wanavyofanya kweli wanaojulikana kwa kazi hii. Kuna Anthony Hoyte, Mwingereza wa Cheltenham, ambaye wanyama wake na picha zake za Krismasi kwenye mitaa ya London zimezunguka sana mitandaoni, yeye anaanza kwa kukodolea macho ramani mpaka aone sikio au pua iliyojificha kwenye mpangilio wa barabara, kisha anaujenga mwili kuzunguka hicho alichokiona. Kuna Stephen Lund wa Victoria, Kanada, huyu alianza tarehe 1 Januari 2015 kwa kuandika salamu ya mwaka mpya kwa baiskeli na hakuishia hapo. Na kuna Michael Wallace wa Baltimore, Marekani, yupo kwenye mambo haya tangu 2010. Ukizitazama picha zao utaona kila mmoja anachora kile ambacho mji wake unakubali. Mji wa zamani wenye barabara zinazojikunja unakupa nyuso na wanyama wenye manyoya, mji wa mitaa mraba unakupa herufi, majengo, roboti, wanyama wenye miguu mirefu iliyonyooka.

Kwahiyo Tanga. Ngamiani ukiniuliza mimi ni ya mbuzi, ng'ombe au twiga. Miguu minne ni mitaa minne inayoenda sambamba, mgongo ni mtaa mmoja mrefu umenyooka, shingo ya twiga ni barabara moja tu unaipanda moja kwa moja. Samaki mpeleke upande wa baharini, kule Raskazone barabara zinafuata ufukwe zinajikunja zenyewe, hapo una mgongo wa samaki wa bure kabisa, kazi yako ni kutafuta tumbo na mkia. Unaweza pia kuunganisha pande zote mbili, kichwa kiwe mjini na mwili Ngamiani, ila kumbuka reli imepita katikati na pa kuvukia ni pachache, kwahiyo vivuko vya reli vichague kwanza kabisa kabla ya kitu kingine, shingo ya mnyama wako itapita hapo utake usitake.

Namna ya kutafuta: fungua ramani kwenye kompyuta kama unayo, skrini kubwa inasaidia mno, iweke ile ya barabara tupu bila picha za setilaiti, halafu isogeze mbali mpaka majina ya mitaa yapotee. Majina yanapumbaza, unaanza kuwaza pale kwa fulani, pale sokoni, badala ya kuona maumbo. Igeuze kichwa chini, ilaze ubavu. Tafuta kile kipande kimoja cha ajabu, kona isiyo ya kawaida, mzunguko, barabara inayojipinda peke yake kati ya zilizonyooka, ujiulize hiki ni kiungo cha nani. Pua? Pembe? Kwato? Ukishapata kiungo kimoja ambacho ni cha kweli kweli, sehemu nyingine zikikosea kidogo mtu atasamehe maana jicho limeshaambiwa huyu ni nani. Skrinshoti yako haina hata kiungo kimoja cha hivyo, mkia wa samaki ndo ungekuwa kitambulisho chake na ndo uliogeuka boksi. Tahadhari moja, Strava itaonyesha kaskazini juu siku zote, kwahiyo ukimpata mnyama amelala ubavu, wanaokufuata watamuona amelala ubavu mpaka uzungushe picha kabla ya kuituma.

Sasa njia yenyewe. GPS ni kalamu isiyoinuliwa, ukishaanza inaandika tu, kwahiyo swali linakuwa unaichoraje picha nzima kwa mstari mmoja. Hili swali ni la zamani sana, mwanahisabati Leonhard Euler alilijibu mwaka 1736 alipokuwa anashughulikia fumbo la madaraja saba ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Jibu lake linakufaa moja kwa moja. Chora picha yako kwenye karatasi, nenda kwenye kila sehemu mistari inapokutana uhesabu inatoka mistari mingapi, ncha iliyokatika peke yake nayo ni moja. Sehemu zenye hesabu witiri, yaani 1, 3, 5, ndo zenye matatizo. Zikiwa hazipo kabisa unaweza kuanzia popote ukamalizia pale pale bila kurudia mtaa. Zikiwa 2 unaanzia moja unamalizia nyingine. Zikizidi 2 lazima kuna mitaa utaipita zaidi ya mara moja, hakuna ujanja, kwahiyo chagua mapema mitaa ya kurudia iwe mifupi na isiyo na magari mengi.

Na kurudia mtaa siyo kosa hata kidogo, ni silaha. Mguu wa mbuzi unautengeneza kwa kwenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi hapo hapo, kwenye ramani unaonekana mstari mmoja. Masharubu ya paka hivyo hivyo, pembe, antena, mionzi ya jua. Jicho ndo wengi wanakwama, maana liko katikati ya kichwa na halijagusana na kitu, unafikaje huko bila kuacha mstari? Ingilia mdomoni. Mstari wa mdomo unaingia ndani ya kichwa, uurefushe kidogo mpaka kwenye kitalu cha jicho, kizunguke kitalu kizima, rudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Mtu anaona mdomo, anaona jicho, hashtuki. Kwa twiga au mbuzi unaweza kushuka kupitia sikio. Na ukirudi kwenye mtaa ule ule usihangaike kupanda upande wa kulia eti mistari igandane, wewe kaa kushoto kwako kama sheria inavyotaka, tofauti ya mita sita saba haionekani kwenye picha ya kilometa tatu, ila bajaji inayokuja mbele yako inaonekana vizuri tu.

Kuna njia nyingine ya kufikia jicho ambayo Lund anaitumia waziwazi: unasimamisha kurekodi, unaenda mpaka sehemu nyingine, unaanza tena, na programu inaunganisha hizo sehemu mbili kwa mstari ulionyooka kama rula, hata kama katikati kuna majumba au maji. Ndo wengine wanapata mishazari mirefu mizuri ambayo hakuna barabara. Wapo wanaoikataa, wanasema kila sentimita ya mstari iwe imepigwa pedeli kweli. Mimi naona ni sawa mradi mtu aseme, maana kuiona hiyo mishazari kabla ya kuondoka nyumbani nako kunataka akili. Ila kwako wewe unayeanza ningependa uchore kwanza picha mbili tatu bila kuinua kalamu, inakulazimisha uijue mitaa.

Kupanga kwenye kompyuta: kila programu ya kutengeneza njia ina tabia ya kukuvuta kwenye barabara fupi. Unabonyeza nukta A na nukta B yenyewe inachagua pa kupita, na pa kwake siyo pa mnyama wako. Weka nukta karibu karibu, kila kona nukta, usiiachie nafasi ya kufikiri. Ukimaliza unatoa faili la GPX, ni faili dogo tu lenye orodha ya nukta, unaliingiza kwenye simu. Barabarani mimi natumia programu ya ramani ya OsmAnd kwasababu ramani zake unazishusha mara moja ukiwa na bando halafu zinafanya kazi bila intaneti. Hapa sikiliza vizuri, mwambie afuate njia ya faili, usimwambie akupeleke unakoenda, maana ukisema nipeleke atakukatishia njia na mbuzi wako anakuwa hana miguu. Juu ya hapo andika kwenye karatasi kona zako kwa mpangilio, kushoto mtaa wa ngapi, kulia mtaa wa ngapi, geuza urudi, bandika kwenye usukani kwa selotepu pana isilowe jasho. Karatasi haizimi na huhitaji kuigusa.

Ramani za OsmAnd zinatoka OpenStreetMap ambayo inachorwa na watu wa kujitolea, na ubora wake unategemea nani kapita huko. Dar imebahatika, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko ulitumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora kata nyingi, ndo maana sehemu za Dar unakuta hadi vichochoro. Ukikuta huko kwenu mtaa upo kweli na kwenye ramani haupo, fungua akaunti uuongeze mwenyewe, ni bure na atakayekuja baada yako atakushukuru. Kinyume chake kipo pia, mtaa upo kwenye ramani ila ukifika ni korongo, au mtu kaweka geti, au masika imekula daraja. Kwahiyo vile vipande ambavyo picha haiwezi kuishi bila hivyo, pua, mkia, jicho, vipitie siku moja kabla, kwa miguu hata kwa bodaboda, uone kwa macho yako.

Tuje kwenye simu na zile kona zilizokatwa. GPS inataka setilaiti angalau nne zilizo wazi angani, na ziko juu huko kama kilometa 20,200. Simu ya kawaida ikiwa inaona anga vizuri inakosea kama mita tano hivi. Mwaka 2000 ndo mambo yalibadilika, mwezi Mei Marekani iliondoa ukungu iliokuwa inauweka makusudi kwenye mawimbi ya raia, kabla ya hapo kosa lilikuwa linaweza kufika mita 100. Msanii Jeremy Wood wa Uingereza na wenzake walianza kuchora kwa GPS miaka ile ile, na haikuwa bahati, kalamu ndo ilikuwa imechongwa. Sasa mita tano kwenye picha yenye upana wa kilometa tatu hazionekani kabisa, ila kwenye kiwanja cha mpira zinaharibu kila kitu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchora kikubwa.

Kona zako zimekatwa siyo kwasababu ya mita tano. Ukienda kilometa 15 kwa saa unapita kama mita nne kila sekunde. Simu ikirekodi kila sekunde kona inatoka safi. Ikianza kubana chaji ikarekodi kila sekunde 15, hapo umeshatembea mita 60 kati ya nukta na nukta, unaingia kona na kutoka bila yenyewe kujua, inaunganisha moja kwa moja juu ya nyumba ya watu. Ingia kwenye mpangilio wa betri wa simu, itafute Strava, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi hata skrini ikizima. Simu nyingi za Android zinaua programu za nyuma kimya kimya, hii ndo shida namba moja ninayoiona kwa watu wa huku, na wengi wanadhani simu zao ni mbovu. Wenye vifaa vya Garmin nao wana yao, kuna mpangilio wa kurekodi pale tu mwelekeo au mwendo unapobadilika ili kuokoa nafasi, kwa kuchora weka kila sekunde.

Lile fundo la uzi kichwani: ukisimama GPS haisimami, inaendelea kukisia uko wapi, kila kisio mita chache pembeni, dakika kumi za chai zinakuwa mchoro. Ukisimama bonyeza pozi mwenyewe, na kabla ya kuanza tena hakikisha uko pale pale ulipobonyeza, vinginevyo utapata ule mstari wa rula bila kuutaka. Ile ya kujipozi yenyewe izime, kwenye kona kali unapopunguza mwendo inadhani umesimama.

Kabla ya kuondoka, simama sehemu ya wazi dakika mbili data ikiwa imewashwa, simu inachukua taarifa za setilaiti haraka kupitia intaneti. Bila intaneti inabidi izipokee kutoka angani na zile zinatumwa kwa mzunguko wa sekunde 30, ukiondoka mapema nukta zako za kwanza zinaruka ruka. Baada ya hapo hata ukizima data GPS inaendelea, chaji inadumu. Simu iwe kwenye usukani au mfuko wa juu wa begi, siyo chini ya nguo za mvua. Pawabenki beba. Tyubu na kiraka beba pia, pancha katikati ya sikio la twiga inauma zaidi ya pancha ya kawaida. Toka saa kumi na mbili asubuhi Jumapili, mitaa ya sokoni iko tupu na jua halijawaka, picha ya kilometa 40 yenye kona nyingi inakula zaidi ya saa tatu.

Usianzie nyumbani kwako. Kila anayeona picha anaona mstari unapoanzia. Strava ina mpangilio wa kuficha mwanzo na mwisho wa safari na ni mzuri, ila ukifichwa mkia wa samaki wengine hawauoni, kwahiyo anzia mbali kidogo na kwako na washa rekodi ukishafika kwenye picha. Halafu kambi za jeshi zipite mbali. Januari 2018 ilikuwa habari ya dunia nzima pale ramani ya joto ya Strava, ile inayong'arisha njia zinazopitwa na watumiaji wake, ilipogundulika inaonyesha njia za mazoezi ndani ya kambi, hakuna askari atakayekusikiliza ukimweleza ulikuwa unachora mbuzi.

Na swali lako la mwisho, kurekebisha baadaye. Nukta moja iliyoruka mita 200 mpaka baharini wakati wewe ulikuwa barabarani, ifute, hiyo ni hitilafu ya mashine na wewe hukuwa huko. Lile fundo la chai likate. Lakini mtaa ambao hukuupita usiuongeze, na kona uliyoikosea usiinyooshe. Ukikosea kona njiani simama, pozi, rudi mpaka pale ulipokosea uendelee, kile kipande kilichozidi unaruhusiwa kukikata maana njia sahihi umeipita kweli. Ukigundua ukishafika nyumbani kwamba mguu mmoja wa mbuzi haupo, basi haupo, Jumapili ijayo unarudi kumchora upya kuanzia kwato.